Nguvu ipo, inapotea njiani: kirikuu yangu na klachi iliyokwisha

Kilima cha kwanza kikali ukitoka Tangi Bovu kwenda Goba, hapa Dar es Salaam, ndicho kilichonionyesha. Ilikuwa mwezi wa tatu, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Nyuma nilikuwa na mikungu 25 ya ndizi, mingi ya Tukuyu na michache ya mshale, niliyopakia Mabibo, soko la Mahakama ya Ndizi, kama ninavyofanya siku nne kwa wiki. Nilikuwa gia ya tatu. Nikakanyaga mafuta nisipoteze mwendo kabla ya kona. Injini ikapandisha sauti, ikawa nyembamba na kali kama cherehani inayokimbizwa, lakini gari lenyewe likabaki na mwendo wake uleule, halafu likaanza kupungua. Bodaboda ikanipita, bajaji ikanipita. Nikarudi gia ya pili, likapanda.

Siku ile sikuona kama ni ugonjwa. Mzigo ni mzigo, na injini ya kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, ni cc 658 tu, silinda tatu. Wiki iliyofuata ikanitokea nikipanda daraja la Kijazi pale Ubungo, ambako mwinuko wala si mkali. Gia ya nne, nakanyaga, kelele inapanda, magari ya nyuma yananipigia honi. Hapo nikajua kuna kitu.

Nikaenda kwa fundi kijana aliyekuwa karibu na soko nikamwambia: "Fundi, gari halina nguvu."

Naandika haya yote kwa sababu ya maneno yale. Nilimpa jibu langu badala ya kumpa nilichokiona. Yeye akaushika ugonjwa niliomtajia. Gari lisilo na nguvu hutazamwa kwenye moto na mafuta, na huko ndiko alikokwenda. Akabadilisha plagi zote tatu. Akabadilisha filta ya mafuta. Siku nne baadaye, niliporudi na malalamiko yaleyale, akasema pampu ya mafuta imechoka, nayo tukaibadilisha. Jumla ilikuwa shilingi 165,000, na hakuna mtu aliyekuwa amekaa kwenye usukani zaidi yangu.

Injini kweli ikawa nzuri. Ikiwa imesimama ilinguruma laini, haitetemeki. Lakini kilima cha Goba kikawa kigumu kuliko mwanzo. Jambo hilo lilinisumbua sana: nimelipa ili injini ipate nguvu, imepata, na gari limezidi kuwa zito. Sasa naelewa kwamba ndivyo inavyokuwa. Klachi ndiyo inayoiunganisha injini na gia boksi, na ikiisha inakuwa kama mkono wenye mafuta ulioshika kamba. Ukivuta taratibu kamba inakuja, ukivuta kwa nguvu mkono unateleza. Injini ilipopata nafuu ikawa inavuta zaidi, na mkono ukateleza zaidi.

Kisha ikaja harufu. Kwenye kirikuu injini iko chini ya kiti, kwa hiyo kinachoungua unakikalia. Nilipofika Goba mwisho nikasimama kushusha mikungu kwa mteja wa kwanza, harufu ikapanda kupitia sakafu. Haikuwa ya petroli wala ya oili. Aliyewahi kushuka mlima Kitonga nyuma ya lori lenye mzigo anaijua: ile ya breki zilizochemka, kavu, inayobaki kooni. Nikainua kiti nikidhani waya umeungua. Hakukuwa na waya ulioungua.

Mteja wangu mmoja ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja mwenye gereji chini ya mwembe, Sinza. Nilifika Jumamosi jioni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Gari linasemaje?"

Nikaanza na yaleyale, kwamba halina nguvu, nimebadilisha hiki na hiki. Akaninyamazisha kwa mkono, kwa upole.

"Ukikanyaga mafuta, mlio unapanda?"

"Unapanda, mzee. Unapanda sana."

"Na gari?"

"Haliendi."

"Basi nguvu ipo, mama. Inapotea njiani. Rudi kesho asubuhi barabara ikiwa nyeupe."

Ningeulizwa maswali hayo mawili mwezi mmoja nyuma, nisingenunua pampu. Mlio na mwendo ni watu wawili wanaotembea pamoja, na ugonjwa unaujua kwa kutazama kama wameachana. Ukikanyaga mafuta, mlio ukapanda na mwendo ukabaki nyuma, injini imefanya kazi yake na kinachoshindwa kiko kati ya injini na matairi. Kwenye gari la klachi, hicho karibu kila mara ni klachi. Ukikanyaga na mlio wenyewe ukapanda kwa uzito, unajikongoja sambamba na mwendo, klachi imeshika vizuri. Hapo ndipo utafute kwenye mafuta, hewa, plagi, au kitu kinacholizuia gari kutembea.

Magari mengine yana kishale cha mizunguko kwenye dashibodi, na mwenye nacho asiache kukitazama, kwa sababu kinakuonyesha kuteleza kabla sikio halijakamata. Kirikuu yangu ni ya mwaka 2008 na haina. Ina kipimamwendo, taa za onyo na geji ya mafuta. Mimi ni masikio tu.

Jumapili saa moja asubuhi tukatoka na gari tupu mpaka barabara ya Sam Nujoma. Mzee alikaa kushoto. Akaniambia nifike kilomita 40 kwa saa, niweke gia ya nne, kisha nikanyage mafuta mpaka chini kwa mara moja. Nikakanyaga. Mlio ukaruka kana kwamba nimekanyaga klachi, na kishale cha mwendo kikatulia palepale kwenye 40, kikasubiri, halafu kikaanza kupanda polepole mlio ukiwa tayari unashuka. Akaniambia nirudie nikiwa gia ya pili. Gari likaondoka vizuri kabisa, mlio na mwendo pamoja.

Hili lilinishangaza, nikamwomba anieleze, na alieleza kwa vifuniko viwili vya chupa na kipande cha kadibodi katikati. Klachi pleti ndiyo hiyo kadibodi. Upande mmoja kuna flaiwili iliyofungwa nyuma ya injini, upande wa pili kuna presha pleti yenye springi inayobana. Pleti ikibanwa katikati, inazunguka na injini na kuupeleka mzunguko kwenye gia boksi. Ukikanyaga pedeli, beringi inasukuma vidole vya springi, kubana kunaachia, pleti inabaki huru. Gia ndogo zinaongeza nguvu huko mbele, baada ya klachi, kwa hiyo gari linasukumika kirahisi na klachi haipati upinzani mkubwa. Gia kubwa hazisaidii hivyo. Uzito wote wa gari unairudia klachi karibu mzimamzima, na kama kubana kumepungua, ndipo pleti inapoteleza. Kwa hiyo klachi inayokwisha inaanza kusema kwenye gia ya nne na ya tano, mlimani na ukiwa na mzigo. Ikifika kuteleza gia ya pili gari likiwa tupu, umechelewa sana.

Kuna kipimo kingine cha gari likiwa limesimama. Tulikifanya tuliporudi gereji, mara moja tu. Unavuta handibreki mpaka juu, unahakikisha mbele hakuna mtu wala ukuta wa jirani, unaingiza gia ya tatu au ya nne, unapandisha mafuta kiasi, halafu unaachia klachi taratibu. Klachi nzima inaizima injini papo hapo. Yangu haikuzima. Nilitoa mguu wote kwenye pedeli na injini ikaendelea kunguruma, gari limesimama, harufu ile ikaanza. Mzee akapiga bodi kwa kiganja: "Zima, zima." Kipimo hiki kinaiunguza klachi, kwa hiyo kisirudiwe kwa ajili ya kumwonyesha jirani. Na kama handibreki yako haishiki, usikifanye kabisa.

Nilitegemea aseme tushushe gia boksi. Badala yake akalala chini ya gari kutazama waya wa klachi. Kirikuu inatumia waya, kama pikipiki, na mwisho wa waya kuna nati ya kurekebisha. Akaniita nibonyeze pedeli kwa kidole, si kwa mguu. Pedeli nzima inatakiwa iwe na mchezo kidogo mwanzoni, sentimita moja na nusu hivi mpaka mbili, ambapo inashuka bila kukutana na uzito wowote. Yangu haikuwa na mchezo hata kidogo. Nilipoigusa tu ilikuwa tayari inasukuma.

Wenye magari ya waya, hili ni la bure kabisa, fanyeni leo. Klachi pleti inavyolika, vidole vya springi vinasogea kuelekea kwenye beringi, na mchezo wa pedeli unapungua. Usipolegeza nati, inafika siku waya umekaza kiasi kwamba hata mguu ukiwa sakafuni ni kana kwamba mtu ameikanyaga kidogo pedeli. Klachi haibani tena kwa nguvu zake zote, inateleza, na kuteleza kunaimaliza haraka. Kinyume chake, waya ukilegea mno, klachi haiachii: gia zinagoma kuingia, rivasi inasaga. Watu wengi wanayachanganya haya mawili. Gia kugoma si klachi kusilipu, yaani kuteleza. Ni magonjwa yanayopingana, na dawa ya moja inazidisha jingine.

Akalegeza nati. Kilima cha Goba nikakipanda Jumatatu kwa gia ya tatu kama zamani. Nilifurahi, ila mzee alishaniambia kwamba nimenunua siku chache tu, nianze kutafuta hela. Wiki tatu baadaye mlio ukaanza tena kuachana na mwendo, mchezo wa pedeli ukiwa bado upo. Hapo hakuna cha kurekebisha tena. Pleti imekwisha.

Tulishusha gia boksi siku ya Alhamisi. Nilikaa pale kuanzia asubuhi, nilitaka kuona kwa macho yangu. Pleti ilipotoka, upande mmoja ribiti zilikuwa zimefikiana na uso wa pleti, na upande wa pili zilishaanza kuchora chuma. Flaiwili ilikuwa na miduara kama ya sahani ya santuri, na madoa ya bluu pale chuma kilipopata moto kupita kiasi. Mzee akaifungua, nikaipeleka mtaa wa Gerezani kwa mchongaji wa vyuma akaisawazisha. Kuna mtu alinishauri niirudishe hivyohivyo nipunguze gharama. Nashukuru sikumsikiliza. Pleti mpya ikikutana na uso wenye mawimbi na madoa magumu haikai sawa. Inatetemeka ukianza kuondoka, na inaanza kulika tangu siku ya kwanza.

Kabla hajafunga, mzee alipitisha kidole nyuma ya injini kuzunguka oili sili ya krenki, akanionyesha kidole kikavu. Sili hiyo ikivuja, oili inaingia kwenye klachi, na pleti hata ikiwa nene inateleza. Gari la namna hiyo utaliona lina tone chini pale injini inapokutana na gia boksi. Ukibadilisha pleti ukaacha sili inavuja, utalipa kazi ileile mara mbili. Yangu ilikuwa nzima, tukaiacha. Vitatu tulibadilisha kwa pamoja: pleti, presha pleti na beringi. Kariakoo kila kimoja kinauzwa peke yake, na kishawishi cha kununua pleti tu ni kikubwa. Lakini kazi kubwa ni kushusha gia boksi. Beringi ikianza kulia mwezi wa pili, utaishusha tena kwa ajili ya kitu kidogo kilichokuwa mkononi mwako.

Alipomaliza ndipo aliponipeleka nyuma ya gari. Kwenye mlango wa bodi kuna maandishi ya Kijapani niliyokuwa nayaona kila siku kwa miaka minne. Katikati yake kuna kitu kimoja ninachoweza kukisoma: 350kg.

"Unabeba mikungu mingapi?"

"Ishirini na tano, mzee."

Hakusema neno. Jumamosi niliazima mizani sokoni nikapima mikungu yangu. Mikubwa ilifika kilo 31, midogo 18, na kwa wastani mmoja ulikuwa kama kilo 24. Mikungu 25 ni kilo 600. Kilo 350 ni mifuko saba ya saruji, na sote tunaziona kirikuu zenye mifuko 15 zikipanda Makongo. Huko zilikotengenezwa, gari dogo la namna hii linaruhusiwa kubeba 350 na si zaidi, na klachi yake ilipimwa kwa mzigo huo. Siwezi kusema sasa nabeba 14 tu, biashara isingesimama. Nimeshuka hadi 17, na siku ya mzigo mkubwa naenda mara mbili, ya pili saa nne foleni ya Mwenge ikiwa imelegea. Petroli imeongezeka. Nimepiga hesabu ya petroli na ya klachi, na naona bado niko salama.

Kitu cha pili kilichoimaliza ni mguu wangu. Chuo cha udereva walitufundisha balansi: unashikilia gari mlimani kwa klachi na mafuta, halirudi nyuma, haliendi mbele. Mtihani ulikuwa huo na niliufaulu vizuri, nikaona ndiyo namna ya kusimama kwenye kilima. Kwenye foleni ya Goba asubuhi nilikuwa nabalansi dakika nzima, mara kumi kwa safari moja, na kilo 600 mgongoni. Kila sekunde ya balansi pleti inasugua chuma. Balansi ni ya kuondokea tu, ile sekunde moja au mbili. Kusimama ni kazi ya handibreki. Na mguu wa kushoto, ukishabadilisha gia, ukae sakafuni. Mimi wangu ulikuwa unapumzika juu ya pedeli kutoka Mabibo mpaka Tangi Bovu, na uzito wa ndala tu unatosha kuisogeza beringi.

Kwa kilomita 500 za mwanzo sikupakia zaidi ya mikungu kumi, nikawa naondoka taratibu, ili pleti na flaiwili zizoeane.

Habari ya injini inayojikongoja nayo niitaje, nisije nikamfanya mtu afungue klachi nzima bure. Kaka jirani yangu ana Probox ya klachi, akaniletea akisema nayo inasilipu, kwa sababu alinisikia nikisimulia. Tukaenda kuijaribu. Mlio na mwendo vilikuwa pamoja, vyote vizito. Tulipokuwa tambarare nikamwambia atoe gia aliache litembee lenyewe, likasimama upesi kama linakokota kitu. Tairi la mbele kushoto lilikuwa la moto, ukisogeza kiganja karibu na rimu unalisikia. Breki ilikuwa imeshika haiachii. Ilikwisha siku hiyohiyo. Gari lingine linaweza kuwa na eya klina iliyojaa vumbi la Madale, au masega ya ndani ya ekzosi yaliyoziba, ambapo injini inakabwa hata ukikanyaga mafuta gari likiwa limesimama. Na wenye klachi ya mafuta badala ya waya, kama Hiace, mafuta hayo yakipungua pedeli inazama na gia zinagoma. Kusilipu kwa kawaida hakuletwi na hilo.

Siku hizi nikienda kwa fundi yeyote namwambia nilichosikia na nilichoona: gia ipi, mwendo gani, mzigo kiasi gani, mlio ulifanya nini, harufu ilikuja lini. Jina la ugonjwa namwachia yeye.

Ni miezi saba sasa. Kila Jumapili nabonyeza pedeli kwa kidole kabla sijawasha, na mchezo bado upo, karibu sentimita mbili. Handibreki ndiyo imepokea kazi ile ya mlimani. Zamani ilishika kwa kliki tano, juzi nimehesabu nane, kwa hiyo Alhamisi hii nitakuwa Sinza tukaze breki za nyuma.